Mwanangu Hasikii

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza jana alasiri, na leo asubuhi lori limeshusha ndoo mbili za makatapila, zile za kuchotea udongo, pale karakana. Kila mwaka ni hivi. Barabara zikishakuwa tope hakuna anayechimba, basi wenye mashine wanazileta zitengenezwe, na sisi tunaopakana ukuta na karakana tunajua hatuna tena utulivu. Mimi nafua ovaroli za mafundi wa pale. Mwanangu ndiye anayezichafua kuliko wote.

Binti yangu amenipa daftari hili, limebaki kurasa nyingi. Amesema, "Mama, wasiwasi wako uandike humu, sisi tupumzike kidogo." Nimecheka. Shule niliiacha darasa la nne na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini nitajaribu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ovaroli hazijakauka.

Jumapili, 9 Machi

Leo sina nguo za watu, niieleze kazi ya mwanangu. Watu wakisikia fundi wa chuma wanadhani anaunganisha. Yeye anaondoa. Ndoo ya katapila ikipasuka, mwenzake hawezi kuichomelea juu ya ufa. Lazima kwanza ufa uchimbwe, na mshono wa zamani utoke wote, mpaka chuma kizima kionekane. Hapo ndipo mwanangu anaposhika fimbo yake ya kaboni iliyovikwa shaba. Umeme unayeyusha chuma mbele ya fimbo, na hewa ya kompresa inatokea pale pale anaposhikia, inakipeperusha kile kilichoyeyuka. Cheche zinafika mpaka getini. Panabaki mfereji safi, kama umepitisha kidole kwenye sabuni iliyolowa.

Kelele yake ndiyo tabu. Ni kama mtu anachana shuka lisilo na mwisho, na analichania ndani ya sikio lako.

Alipoanza kazi ile alinisimamisha hapa uani akasema, "Sikiliza, mama. Ukisikia inachana moja kwa moja, ujue moto umekaa sawa. Ikikohoa, moto ni mdogo, kaboni inabaki kwenye chuma. Ikipiga kelele kama mafuta yamemwagiwa maji, moto umezidi, fimbo inaliwa bure." Moto ndio huo umeme, mafundi wanauita hivyo. Tangu siku ile nafua huku nasikiliza. Ikichana vizuri najua mwanangu yuko salama na mkono wake umetulia.

Karakana nzima wanamwita Redio. Toka mdogo alikuwa akiiga watangazaji. Alikuwa akinitangazia bei ya nyanya kwa sauti ya taarifa ya habari, na mpira, na matangazo ya vifo ya watu ambao bado wazima. Nilimchapa kwa hayo ya vifo. Na mimi nimekuwa Mama Redio, jina langu sijui kama kuna anayelikumbuka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwita aje kula, hakuitika. Nimerudia, kimya. Huyu ni mtoto ambaye hata akiwa bafuni na sabuni machoni, nikimwita atajibu, "Naam, mama." Nilimlea hivyo. Nimemfuata nikamgusa bega, akaruka kama kashika waya.

"Kumbe chakula tayari?" akasema.

Sikumjibu. Na mimi najua kununa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo pia hakuitika.

Jumamosi, 22 Machi

Kwenye mfuko wa ovaroli yake nimekuta tena vile vidude viwili vya sponji ya njano, vidogo kama ncha ya kidole. Kila nikifua navikuta, visafi, havijaguswa. Sijui ni vya kuzibia nini. Kutupa siwezi, si vyangu, naviweka kwenye kopo la maziwa ya unga pale rafuni. Leo nimemwambia, "Baba, vidude vyako vya njano navitunza, usije ukavitafuta." Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akafunga, akasimama, akaondoka.

Basi. Mtu mzima akishaanza kupokea mshahara, mama anakuwa kama kabati.

Jumamosi, 29 Machi

Nyapara wa karakana amekuja mwenyewe kuchukua ovaroli. Mvua ilimshika mlangoni, nikamwekea kiti.

"Mama Redio," akasema, "mtoto wako betri zimeisha."

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya. Ndiyo tatizo. Zamani tulikuwa tunamwomba anyamaze. Sasa haimbi, hatanii. Ukimtania anacheka wenzake wakishamaliza kucheka. Hajapata mchumba huyo?"

"Kama kapata, mimi sijaletewa."

"Atakuwa anaogopa utampima kama unavyopima doa la grisi."

Tukacheka. Nikamuuliza habari za ile mashine ya umeme, maana mwanangu amelalamika tangu mwaka jana kwamba namba zimefutika kwenye kitufe cha kuzungusha, na mshale wa kipimo umelala haunyanyuki.

"Mpya inakuja wiki ijayo," akasema. Hiyo wiki ijayo mimi naijua, ina umri. "Na Redio hahitaji namba, mama. Wengine wanasoma, yeye anasikiliza tu. Akishika fimbo anajua moto umekaa au haujakaa. Kuna watu wana mkono. Yeye ana masikio."

Nikavimba kichwa. Nikamkunjia ovaroli vizuri kuliko siku zote.

Jumatano, 2 Aprili

Wakati wa chakula mvua ilikuwa inapiga bati mpaka binti yangu anasema kwa kupaza sauti. Mwanangu akainua kichwa akauliza, "Mama, hawa nyenje mwaka huu hawachoki?"

"Nyenje gani na mvua hii?" nikamwambia.

Akatabasamu. "Ndiyo," akasema, akaendelea kula.

Nimefikiri ni utani wake umerudi. Nikafurahi kidogo.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe imechanganyika na kitu kingine.

Jana nilikuwa na homa. Nimelala chumbani, mlango wazi, yeye kakaa pale barazani anashona glavu yake, namwona mgongo. Nikaita, "Baba, niletee maji." Kimya. Nikaita tena. Glavu inashonwa. Nikaamka mwenyewe, kichwa kinazunguka, nikapita mbele yake na kikombe. Akaniangalia kwa upole kabisa akauliza, "Umepata nafuu?"

Leo aliporudi alikuwa ameinamia beseni ananawa mikono. Nikasimama nyuma yake nikasema yote. Nikasema mwanangu siku hizi husikii. Nikasema baba yako alipokufa sikuolewa tena, nilisema nina mwanamume wangu tayari, mdogo lakini anaitika. Nikasema kama kuna mwanamke anakufundisha kunidharau, mlete nimwone sura. Nikasema mtoto asiyeitika ni sawa na nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mwisho, Mungu anisamehe, nikasema bora ningezaa jiwe, jiwe lingenisaidia kuinjikia chungu.

Akajifuta mikono taratibu. Akaning'iniza taulo. Akageuka, akaniona pale na machozi yangu, akasema, "Mama, moshi umekuingia?"

Nimemwambia ndiyo, moshi. Ningesema nini? Moyo wa namna gani huo, unatukanwa na mama yako halafu unauliza moshi?

Alhamisi, 10 Aprili

Hatusemezani. Au mimi simsemezi. Yeye sijui kama ameona.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ile sauti ya karakana inakohoa. Imeanza asubuhi. Inachana kidogo, inakohoa, inakatika, inakohoa tena. Nimekaa na beseni langu, kila ikikohoa mikono inasimama. Nimemwambia binti, "Leo fimbo kapewa nani huyo? Moto mdogo, kaboni yote inabaki kwenye chuma."

Binti akasema, "Mama, umekuwa fundi."

"Sijawa fundi, nina masikio. Huyu si kaka yako."

Sikumuuliza aliporudi. Bado nimenuna.

Jumatano, 16 Aprili

Ile ndoo imepasuka.

Ilichomelewa Jumatatu, ikachukuliwa jana, leo imerudi juu ya lori, imechanika pale pale kwenye mshono. Mwenye katapila alikuwa anafoka hadi huku. Halafu nikasikia sauti ya Mrefu, yule mwenzake mwanangu anayechomelea: "Mimi nimechomelea sawa. Tatizo chini. Angalia, chuma kimekuwa cheusi na kigumu kama kioo. Kaboni imebaki. Kachimba na moto wa mshumaa huyu."

Nikaacha kufua. Nikasogea ukutani.

Nyapara akasema, "Redio. Siku ile nilikupigia kelele mwenyewe, ongeza moto. Hukusikia?"

Mwanangu akasema, "Sikusikia."

"Unanijibu hivyo mbele ya mteja?"

"Nimesema sikusikia."

"Kiburi hiki kakufundisha nani?"

Sikusikia jibu. Kumbe siku ile ni yeye. Aliyekuwa anakohoa kutwa nzima ni yeye. Nikabaki nimeshika ukuta, na akili yangu inakataa kuunganisha, maana mwanangu hawezi kuchimba vile. Anajua. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, nisiongeze.

Jana jioni karudi, kavua viatu, kakaa barazani anashona glavu ile ile. Mimi na binti tulikuwa jikoni. Nikamwambia binti, "Kaka yako watamfukuza kwa kiburi. Nyapara kamwelekeza, hakusikia. Mimi namwita, hasikii. Sijui nani kamloga."

Binti akaweka kisu chini. Akaniambia polepole, "Mama. Kaka hasikii."

"Si ndiyo nasema. Hasikii."

"Hapana, mama. Hasikii."

Nikamwangalia. Akanishika mkono, tukatoka, tukasimama nyuma ya mgongo wa mwanangu, karibu hivi kwamba ningeweza kumtoa uzi kwenye ukosi wa shati. Binti akasema kwa sauti ya kawaida, kama tunavyosema siku zote, "Kaka, mama analia."

Na kweli nilikuwa nimeanza.

Sindano ikaingia, ikatoka. Uzi ukavutwa. Alikuwa anaufuata kwa macho kwa utulivu, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

Binti akasema tena, "Kaka, mama analia." Sindano ikaingia.

Nikazunguka mbele yake nikapiga magoti. Nikashika uso wake. Akaona machozi, akamwona dada yake nyuma, akajua. Glavu ikamdondoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza. Aliniangalia midomo. Mwezi mzima nilidhani anakwepa macho yangu, kumbe alikuwa anaangalia midomo.

"Mwaka jana ilianza kwa mbali," akasema. "Msimu huu imeshuka ghafla. Sauti nene nasikia. Zako, na za dada, zinapotea."

"Na wale nyenje?"

"Wako kichwani. Hawazimi."

Binti akaenda akaleta lile kopo la rafuni akaliweka mbele yake. Vidude vya njano vimejaa. Akaviangalia muda, akacheka kicheko kidogo kibaya.

"Hivi ni vya kuziba masikio, mama. Tunapewa. Lakini nikiviweka, sauti yote inakuwa moja, siwezi kujua moto umekaa au haujakaa. Namba hazipo, mshale umekufa, nitapima kwa nini? Basi navitoa nisikilize, nazungusha kitufe, narudi. Fimbo nene inataka moto wake, nyembamba wake, navitoa tena. Mwisho nikaona naviweka vya nini."

"Jumamosi ilikuwa inakohoa," nikamwambia. "Nilisikia toka hapa."

Alinitazama kama nimemwambia habari ya msiba. "Kweli?" akasema. "Mimi nilikuwa nasikia inachana, mama. Vizuri kabisa. Kumbe nilikuwa nasikia kichwa changu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo akaiokota glavu. Binti akamwambia sema. Akasema, "Wewe mama, nikijikata kidole huli siku mbili. Ningekuambiaje hili?"

Nimekaa na neno hilo tangu jana. Nilidhani wasiwasi wangu ni ukuta wa kumlinda. Kumbe alikuwa amesimama upande wa nje.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua kubwa. Sikufua.

Jumatano, 23 Aprili

Tumekwenda hospitali, watatu. Wamemkalisha kwenye kichumba cha kioo, kavaa vitu masikioni, anatakiwa ainue mkono akisikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Daktari anabonyeza, mwanangu ametulia. Anabonyeza, ametulia. Nikajikuta nimeinua mkono mimi, kama mtoto anayempa mwenzake jibu kwenye mtihani. Daktari akanishusha mkono kwa upole.

Akatuambia kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Si uchafu, si maji, hakuna dawa ya matone. Kilichobaki kinaweza kulindwa, asikae tena kwenye kelele ile. Kuna vifaa vya kuvaa vitamsaidia kidogo, na tumwangalie usoni tukimsemesha.

Mwanangu alimwuliza, "Hawa nyenje?"

"Utawazoea," akasema daktari.

Tukarudi kwa miguu. Yeye katikati. Hakuna aliyesema, maana tungesemaje na wote tunaangalia mbele?

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua. Leo nimekumbuka yale ya kwenye beseni, habari ya jiwe. Nikaona kifua kimefunguka, maana hayakumfikia. Hata neno moja. Nikamshukuru Mungu.

Halafu nikakumbuka kwamba na yale mengine hayakumfikia. Kila asubuhi akitoka namwambia mgongoni, "Nenda salama, baba, Mungu akulinde na moto." Miaka yote namwambia akishageuka, akiwa anaufungua mlango, kwa sababu mbele ya uso naona haya. Sijui ni asubuhi ngapi alitoka bila kuyasikia.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine mpya imekuja. Namba zinawaka nyekundu, binti anasema hata ukiwa mbali unazisoma. Nyapara alikuja kuniambia mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Redio, nilimwita mwenye kiburi mbele ya watu."

"Na mimi nilimwita," nikamjibu.

Amesema wamempa kazi ya stoo, ya kutoa vifaa. Stoo ni nyuma, kuna mlango na ukuta, kelele haifiki sana. Nikamwuliza wiki ijayo ile ingekuja mwaka jana ingekuwaje. Nikampa ovaroli zake.

Jumatatu, 12 Mei

Leo asubuhi nilimshika mkono mlangoni, nikamgeuza, nikamwambia usoni. Mungu akulinde. Stoo haina moto lakini nimesema hivyo hivyo. Alisoma mpaka mwisho. Akasema, "Naam, mama," akatoka haraka.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekwisha. Makatapila yamechukuliwa yote ila moja, na leo nilipeleka ovaroli za mwisho mwenyewe. Nilikuwa na vidude viwili vya lile kopo, nimevifunga kwenye pindo la khanga. Sijui kwa nini nilivibeba. Nilitaka kumrudishia, au kumwomba radhi, sijui.

Nimekuta wametoa ndoo ya mwisho uwanjani. Mrefu ndiye anayejifunza kuchimba sasa, na mwanangu kaitwa kumwelekeza kabla hajarudi stoo. Amevaa vifuniko vikubwa vya masikio, anasema kwa sauti ya juu kidogo, hajui.

"Fimbo hii ni ya milimita nane," anamwambia. "Weka mia tatu na hamsini. Ukiona inakata kwa shida panda kidogo kidogo, usivuke mia nne. Ukichukua ile ya sita, shuka mpaka mia mbili na hamsini. Na hewa kwanza. Fungua hewa, ndiyo uwashe. Ukiwasha bila hewa unaipaka ndoo kaboni."

"Naiona namba, Redio," Mrefu akasema, akimwangalia usoni kama tulivyofundishwa. "Kazi imekuwa rahisi sasa."

"Ndiyo," mwanangu akasema. "Imekuwa rahisi."

Akageuka kuondoka, akaniona nimesimama pale getini na beseni kichwani, masikio wazi. Mrefu alikuwa tayari anavaa kinyago. Mwanangu akanyoosha mkono, subiri. Akaja mbio. Akanishusha beseni, akanishika mkono, nikafungua pindo bila kuambiwa. Akaviona. Safari hii hakucheka.

Akakichukua kimoja, akakisokota katikati ya vidole vyake vile vyeusi mpaka kikawa chembamba kama njiti. Akavuta sikio langu juu, kama mimi nilivyokuwa nikimvuta akiwa mdogo nimsafishe. Akakiingiza, akakishikilia kwa kidole, akangoja. Nikasikia dunia inafunga mlango upande mmoja. Akaja upande wa pili. Kompresa ikaenda mbali, ndege wakazimika.

Kisha akarudi nyuma hatua moja akampungia Mrefu. Cheche zikaruka mpaka getini. Ilikuwa inachana sawasawa, nadhani, maana Mrefu hakuusimamisha mkono. Mimi nilisikia kama mtu anakunja karatasi chumba cha tatu.

Mwanangu alikuwa ananiangalia. Midomo yake ikafunguka, ikafunga, ikafunguka. Alisema kitu kirefu. Alisema na mikono yake imeshuka, taratibu, kama anasema kitu alichokiweka siku nyingi. Sikusikia hata neno. Nilishika moja tu, la mwisho, kwa sababu neno hilo midomo inakutana mara mbili, na nimeliangalia likitoka kwenye mdomo ule tangu hauna meno.

"Abee, baba," nikaitika.

Sauti yangu ikabaki ndani ya kichwa changu. Lakini alikuwa ananiangalia midomo, na aliiona.